Jiwe Jeupe Lililomuua Majura

Mwisenge, Musoma

Dada Tumaini,

Shikamoo dada yangu. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na mama hapo nyumbani. Miguu ya mama inaendeleaje na baridi ya huko? Mara ya mwisho uliniambia hawezi tena kushuka bondeni kwenye viazi, na kwamba anashinda jikoni karibu na moto. Mfanye avae soksi hata kama analalamika. Mimi kwa mwili ni mzima. Hilo ulishike kwanza, maana yanayofuata yanaweza kukufanya udhani vingine.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunazo. Kwenye simu nilijaribu. Ile Jumapili nilipokata ukadhani ni mtandao, haukuwa mtandao. Halafu mambo yenyewe yana mpangilio wake. Ukiyasikia vipande vipande utayasikia kama wanavyoyasema watu wa huku, na hivyo ndivyo nisivyotaka uyasikie. Barua nampa mama mmoja wa kanisani anayekwenda Makambako kumwona bintiye, ameahidi kuifikisha mkononi mwako. Isome peke yako kwanza. Ukimaliza ndipo umsomee mama.

Nimeachana na Magesa. Mdogo wake, Majura, amefariki, na kwao Bukima wanasema nimemuua mimi.

Sasa nianze mwanzo.

Wewe Magesa ulimjua akiwa kijana wa Mara aliyeimba besi kwenye kwaya yetu, alipokuwa anafanya kazi kwenye tanuri za chokaa kule Mbeya na kuja Makambako kila mwisho wa wiki. Hukumjua akiwa na mawe. Tulipohamia huku tukapanga nje kidogo ya Bunda, na yeye akapata kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe. Naita kiwanda, lakini ni banda la mabati lenye mashine na mifuko, na mwenye mali ambaye wote wanamwita Tajiri. Malori yalileta mawe kutoka vilima vya upande wa Butiama, mengine yalitoka mbali zaidi, na yote yaliingia kwenye mashine yakatoka unga.

Mwanzo ule, dada, nilikuwa na furaha. Jioni alinijia na vipande vya mawe mfukoni kama wanaume wengine wanavyoleta maandazi. Alivipanga mezani akanifundisha. Alichukua jiwe la chokaa akalikamulia ndimu, likatoa povu, nikaruka. Alicheka. Akasema ndani yake kuna kalsiamu, kaboni na oksijeni, na kile kinachotoa povu ni hewa ileile ninayoitoa puani. Unga wake unakwenda kwenye chakula cha kuku ili mayai yawe na ganda gumu, na kwenye kuta za nyumba, na saruji haitengenezwi bila hilo jiwe. Jasi alinipa nilikwaruze kwa ukucha, likakwaruzika kweli. Alisema jasi lina maji yaliyofungiwa ndani, ukilichoma maji yanatoka, ukilirudishia maji linashika na kuwa gumu, ndiyo maana watu wanatengenezea dari na chaki na kumfungia aliyevunjika mguu. Ulanga aliuchambua kama kitunguu, ngozi baada ya ngozi inayong'aa, unatiwa kwenye rangi. Felspa, lile la rangi ya waridi, linakwenda kwenye vigae na sahani.

Halafu akatoa jiwe jeupe gumu, wenyewe wanaliita kwatzi. Akachukua kioo changu cha kujitazamia akakichora mstari. Nilimgombeza. Akasema, "Kioo chenyewe ni mtoto wa hili jiwe, mama. Liyeyushe na magadi, upate kioo. Sasa mtoto atamshindaje mama yake?" Ndani yake kuna silikoni na oksijeni, basi. Alisema wanalinunua sana, la kuchujia maji, la sakafu za terazo, la gundi ya vigae. Na kweli malori mengi yalikuwa ya hilo.

Jambo moja aliniambia jioni hiyo, nami nikalipita tu. Alisema yote yakishasagwa ni unga mweupe, na kama hukuandika kwenye mfuko, kwa macho huwezi kujua lipi ni lipi.

Mwaka ule mwingine akapandishwa kuwa msimamizi wa wenzake. Tulichinja kuku. Mama yake alikuja kutoka Bukima na sato wakubwa wa kukaanga, akanikumbatia mlangoni akasema, "Mkamwana wangu, mimi sikuzaaga binti, Mungu ameniletea wewe." Alinifundisha kutengeneza samaki wa ziwa, kukausha dagaa mwambani, hata kutania kwa Kijita, lugha yao. Sikuwa na mtoto, na wakati huo hakuna aliyeniuliza.

Safari hiyohiyo aliyokuja ndiyo aliyomwombea Majura kazi. Ziwani samaki walikuwa wamepungua, na Majura alikuwa ameoa karibuni, mkewe Nyangeta akiwa na mimba kubwa. Nakumbuka Magesa alikuwa anachambua mwiba wa samaki muda mrefu. Mama yake akamwambia, "Ni mdogo wako huyo. Unasimamia watoto wa watu, wako unamwacha?" Akasema, "Aje."

Majura alikuja kuishi nasi. Dada, yule mtu alikuwa mcheshi. Alinifuata jikoni ananiita shemeji wa baridi, anasema watu wa Njombe tunalala na moto kama wengine wanavyolala na mume. Kazini wakamweka pale unga unapotokea, kazi yake kushika mdomo wa mfuko, ukijaa anaushona. Alirudi mweupe nywele mpaka kope, kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la sembe, na alipoingia uani mtoto wa jirani alikimbia analia. Nilizifua nguo zake, maji yakawa kama maziwa. Nikamuuliza Magesa kama vumbi lile halina shida. Akasema, "Ni chokaa tu. Wanakunywaga maziwa, yanasafisha kifua."

Nikaamini. Ningeaminije vingine? Aliyenifundisha ni yeye.

Kukohoa kulianza kidogo kidogo. Kisha Majura akaanza kupumzika njiani kutoka kazini, anakaa kwenye jiwe karibu na bomba la maji, anajifanya anaongea na kina mama. Mwili ukaisha. Suruali aliifunga kwa kamba. Alikuwa na nguvu za kuvuta nyavu tangu utotoni, na sasa akiinua ndoo ya maji midomo inakuwa ya bluu. Zahanati wakasema kifua kikuu, akaanza dawa. Dawa alizimeza bila kukosa na bado alizidi kukauka. Mwisho tukamkodia gari mpaka hospitali ya Musoma.

Hapo ndipo kila kitu kilipogeukia, kwa hiyo nakuandikia kama kilivyokuwa. Daktari alikuwa binti wa makamo yangu, mpole. Alimsikiliza Majura mgongoni, akatazama picha ya kifua muda mrefu, akauliza, "Kazi yake nini?"

Magesa akajibu haraka, "Mvuvi."

Majura alikuwa na kinyago cha hewa usoni, hawezi kusema. Alimtazama kaka yake. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya uji, nikadhani sikusikia vizuri. Daktari akaandika mvuvi. Tulipotoka nikamuuliza Magesa, "Kwa nini umesema mvuvi?" Akasema, "Si mvuvi? Kwetu wote wavuvi." Akaenda kununua maji.

Nikarudi ndani peke yangu. Nikamwambia daktari yule mgonjwa anasaga mawe. Akaniuliza mawe gani. Nikasema, jeupe, gumu, linalokwaruza kioo. Dada, yule binti aliweka kalamu chini. Akanionyesha picha, mapafu yana vidoa vidoa vyeupe kama mtu amemwagia mchele. Akasema makohozi yamepimwa na wadudu wa kifua kikuu hawakuonekana, kwa hiyo zile dawa anazisimamisha. Unga wa lile jiwe ukiingia ndani hauyeyuki na hautoki, mapafu yanajaa makovu. "Hatuna dawa ya kulitoa," akasema. "Tunaweza kumsaidia apumue kwa siku alizo nazo." Nikamuuliza kama ingekuwa chokaa. Akasema chokaa ingemkohoza, lakini isingemfanya hivi.

Magesa alinikuta kwenye korido. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kazi yake."

Akashika ukuta. Nikamwambia, "Ulijua."

Aliuachia ukuta. Kisha akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kuna wageni walikuja kukagua kiwanda kabla hajawa msimamizi. Walimwonyesha yeye na Tajiri picha kama ile. Wakasema mawe yamwagiwe maji yakisagwa, na kila mtu avae kinyago cha maana, siyo kitambaa. Walipoondoka Tajiri akamwita Magesa pembeni akamwambia unga ukilowa unaganda, wateja hawautaki, na kwamba anatafuta msimamizi mwenye akili. Magesa akawaambia vijana kwamba wageni walizungumzia mashine. Na kuhusu vumbi akawaambia ni chokaa.

"Na Majura?" nikamuuliza. "Majura ulimweka kwenye mdomo wa mashine."

"Kazi nyingine haikuwepo. Nilisema baada ya muda mfupi nitamtoa."

"Mdogo wako, Magesa."

"Punguza sauti," akasema.

Majura alifariki kesho yake alfajiri, Nyangeta, aliyekuwa amefika kutoka Bukima, amemshika miguu. Tulimrudisha Bukima.

Mazishi yalikuwa makubwa, watu walikuja mpaka kwa mitumbwi. Baada ya kuzika, wazee wa ukoo wakakaa, wanawake sisi pembeni kwenye majamvi, wakamtaka Magesa aeleze mdogo wake alivyougua, maana ndiyo desturi. Akasimama. Nilimhurumia, dada. Nilidhani atasema, na nilikuwa nimejiandaa kwenda kusimama karibu naye.

Akasema hivi. Majura aliugua kifua. Tulimpeleka zahanati, akapewa dawa za kifua kikuu, akawa anameza. Tulipofika Musoma mke wangu aliingia kwa daktari peke yake, mimi sipo. Alipotoka, zile dawa zikasimamishwa. Kesho yake ndugu yangu akafa.

Akakaa.

Hakuna neno la uongo hapo. Ukiyachukua moja moja yote yalitokea, na kwa mpangilio huohuo. Kisha shangazi yao mmoja, mwanamke mrefu anayeheshimiwa sana pale, akauliza, "Aliingia kufanya nini peke yake?"

Wote wakageuka kunitazama. Nikasimama nikasema, "Magesa, waambie. Waambie habari ya mawe." Akainamisha kichwa. Nikaanza kueleza mwenyewe, Kiswahili changu kikanitoka cha nyumbani, nalia, nachanganya, nasema silikoni, nasema picha, na nikaona kwenye nyuso zao kwamba kadiri ninavyozungumza ndivyo ninavyojifunga. Shangazi akanikatiza. "Huyu hana mtoto. Asiye na mtoto atajuaje uchungu wa mtoto wa mwenzake?" Mwingine nyuma akasema nimetoka kwa watu wa milimani, na watu wa milimani wana mizizi ya kulogea. Nyangeta akainua kichwa. Mpaka niliposimama alikuwa ameniegemea mimi, kichwa chake begani mwangu, mtoto wake amelala kwenye kanga yangu. Alimchukua mtoto, akaivua ile kanga kwa vidole viwili, akaiweka chini.

Siku iliyofuata nikamwendea mama mkwe nyuma ya nyumba, alikuwa anageuza dagaa mwambani. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, Majura ameuawa na vumbi la jiwe. Magesa alijua, akanyamaza."

Aliendelea kugeuza dagaa. Kisha akasema, "Unadhani sijui?"

Sikuelewa.

"Nilimuosha mimi mwenyewe. Na akijaga kusalimia, nguo zake nilikuwaga nazifua. Maji meupe. Mtoto anatema meupe. Mimi ni mjinga?"

"Sasa mbona umewaacha waseme?"

Akaacha kazi, akanitazama, na macho yake hayakuwa na chuki yoyote, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Akasema, "Nyangeta ana kaka zake. Wakijua Magesa alimpeleka mdogo wake akafe huku anajua, hawatamwacha. Na ukoo hautamwacha. Nimezika mmoja. Unataka nizike wawili? Wewe kwenu ni mbali. Hili jambo ukilibeba wewe linaondoka na wewe."

"Ulisema mimi ni binti yako."

"Nilisema, na sikuwa nakutania." Akajigusa tumbo kwa mkono wenye magamba ya dagaa. "Lakini hukutoka humu."

Akanifungia samaki wa njiani kwenye gazeti. Nikawapokea, dada. Sijui kwa nini niliwapokea.

Nilirudi Bunda kuchukua nguo zangu. Lakini nilikuwa nawafikiria wale vijana, maana wengine nilikuwa nawapikia. Nikaenda getini wakati wanatoka kula. Nikawaambia, jamani, ule unga siyo chokaa, ni kwatzi, unabaki kwenye mapafu, ndio uliomuua Majura, daini maji, daini vinyago, au ondokeni. Walikuwa wamesimama, weupe wote, wananisikiliza kidogo. Kisha mmoja, Mwita, ambaye alikuwa anakula kwangu kila Jumamosi, akasema, "Si ndiye huyo mke wa msimamizi? Aliyemuua shemeji yake?" Mwingine akasema, "Amekuja kutumaliza na sisi." Wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayeogopa. Mwita akainama, akachota unga chini kwa viganja viwili akanimwagia usoni. "Kama unaua, anza na wewe." Wakacheka mpaka mmoja akakohoa, akajishika magoti, akawa anakohoa na kucheka pamoja.

Magesa alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda. Alinitazama ninavyofuta macho. Hakuja.

Njia nzima ya kurudi nililifikiria hilo kuliko yote. Ningekuwa mtu mwingine yeyote pengine wangenisikia. Alichosema Magesa pale Bukima kilinichafua mimi, lakini wanaokufa nacho ni wale.

Nikaja Mwisenge, nikapanga chumba, nikapata kazi kwenye baraza la fundi cherehani mmoja, mwanamke mcha Mungu. Nilitia vifungo na kupindia mapindo. Sokoni siku moja nilikutana uso kwa uso na Nyangeta. Nilimwita. Akamfunika mtoto uso kwa kitenge, akageuka akarudi alikotoka, ameacha nyanya zake kwenye meza ya muuzaji.

Miezi ikapita. Nikadhani nimesahauliwa, na kusahauliwa niliona ni kitu kizuri. Kisha mchana mmoja bodaboda ikasimama mbele ya baraza, dereva akashuka kwanza kumsaidia abiria wake. Sikumtambua. Shati lilikuwa linaning'inia. Ni alipovuta pumzi kusema jina langu ndipo nilipojua ni Magesa.

Nilimpa kiti. Nikampa maji. Fundi akaingia ndani kutuachia nafasi. Alikaa muda mrefu akitafuta pumzi, mikono magotini, kama mdogo wake alivyokuwa anakaa pale bombani.

"Hospitali wamenipima," akasema. "Ni lilelile."

Nikamwongezea maji.

"Wamesema hakuna dawa."

"Najua. Waliniambia mimi."

Akafuta mdomo. "Upendo, nimekuja kukuomba. Twende Bukima. Useme mbele ya wazee kwamba uliniloga, na kwamba umeniachia."

Nilidhani homa inamsumbua. Nikamtazama machoni, yalikuwa safi.

"Wewe," nikasema. "Wewe uliyechora kioo changu. Unajua kilichomo ndani yako. Unaweza kukitaja kwa jina. Unaamini nimekuloga?"

"Sijui." Akaanza kulia, na kulia kwenyewe kulimshinda kwa sababu ya pumzi. "Sijui tena. Nikilala najiambia ni jiwe. Lakini jiwe halina dawa. Uchawi una dawa. Dawa yake ni wewe useme."

Dada, nilikuwa nimemchukia huyu mtu kwa miezi, na hapo nilitaka kumkumbatia. Nilifikiria moyoni kwamba ni maneno tu, ningeyasema, nikatemewa mate, nikaondoka, na yeye akalala hata wiki moja na matumaini. Ningeweza.

Nikamwambia, "Nitakwenda. Nitasema chochote unachotaka niseme. Lakini utaanza wewe. Utasimama palepale uliposimama siku ile, umwambie Nyangeta lile jiwe ni nini, na ulijua tangu lini. Kisha na wale vijana kiwandani. Ukimaliza, mimi nitasema yangu."

Alifikiri. Niliona kabisa anafikiri, anapima.

"Watanichukia," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ninakufa, Upendo. Unataka nife nachukiwa?"

"Na mimi unataka niishi nachukiwa?"

Akanijibu bila ukali, kama anamweleza mtoto, "Wewe si utaishi."

Akanyanyuka, akashindwa, nikamshika kwapani. Mbavu zake niliweza kuzihesabu kwa mkono. Aliniegemea mpaka kwenye pikipiki kama alivyokuwa akiniegemea tukitoka ibada, na dereva akamfunga kiunoni kwa shuka ili asidondoke. Hakugeuka nyuma.

Alikwenda moja kwa moja Bukima akawaambia nimekataa kumwachia.

Sasa wanajua niliko. Maneno yamefika Mwisenge. Fundi alivumilia, lakini wateja hawataki nguo iliyopita mikononi mwangu, mama mmoja alirudisha sare za shule za watoto wake bila kuzivaa. Juzi mwenye nyumba aliniita, akaongea nami akiwa amesimama mbali, akaniomba nihame, akanisihi nisimwekee kinyongo. Alinisihi kwelikweli, dada. Hakuna aliyewahi kuniogopa maishani mwangu, wewe unajua, mimi niliyekuwa naogopa hata jogoo wa babu. Nimetambua kwamba kuogopwa ni upweke mbaya kuliko kuchukiwa.

Kwa hiyo narudi nyumbani. Nitasafiri wiki ijayo, barua hii ikishakufikia. Nimeitanguliza kwa sababu hiyo. Watu wa huku wana simu, wana ndugu mpaka huko kwetu, na kwenye kwaya ile ya zamani wapo wanaomjua Magesa. Maneno yanaweza kufika kabla yangu. Yakifika, usiulize mtu mwingine. Umeshasoma yalivyotokea.

Msalimie shemeji, na mjomba mchungaji, umwambie sala zake nazihitaji sasa kuliko wakati wowote. Msalimie bibi mkunga aliyetupokea wote wawili duniani, kama bado anasikia. Wabusu watoto wako. Huyo wa mwisho sijamwona, naambiwa ana paji la uso la baba yetu marehemu.

Na mama. Msomee yote, usiruke. Mwangalie usoni wakati unamsomea. Mama ni mzee, na yeye pia amekulia kwenye maneno haya, sitamlaumu. Ila ukiona ameingiwa na hofu hata kidogo, ukiona anawavuta wajukuu karibu, usibishane naye. Niandikie kwenye simu neno moja tu, "usishuke." Basi likisimama stendi ya Makambako nitabaki kwenye kiti changu, nitaendelea nalo mpaka Songea.

Mdogo wako anayekupenda,

Upendo